Nani anabaki na watoto wetu baada ya ibada? Uzi wa wazazi na walezi wa vijana Tanga

Mwalimu wa Makorora

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari zenu. Likizo ya mwezi wa sita hiyo inakuja na kama kawaida makanisa ya hapa mjini yanaandaa kambi, wengine Lushoto wengine Pangani, watoto wanapakiwa kwenye Kosta wanakaa huko siku kadhaa bila mzazi. Mimi nafundisha sandeskuli na nipo kamati ya vijana kanisani kwetu, na kuna jambo nimechoka kulisikia likinong'onwa nje baada ya ibada halafu mhusika akipita wote "Bwana asifiwe mtumishi". Naongelea watoto kuchezewa, kubakwa na kulawitiwa na watu wa humu humu kanisani. Nitaandika ndefu, asiye na muda arudi usiku.

Kwanza tufute ile picha. Ukimwambia mzazi wa hapa neno mbakaji anamfikiria mlevi aliyejificha kwenye mapagale. Anayekuja kanisani hayuko hivyo hata kidogo. Huyo anawahi mazoezi, anafunga na kusali, anajua kinanda, anabeba viti bila kuambiwa, mama zetu wanamsifia "kijana mwenye hofu ya Mungu yule". Na hachagui mtoto ovyo. Anamtafuta yule ambaye baba hayupo, au mama anauza samaki Deep Sea anarudi kiza kimeingia, au mtoto mpweke ambaye wenzake hawachezi nae. Anaanza na mama kwanza!! Anamsaidia ada kidogo, anamletea mtoto viatu vya kwaya, anakula hapo nyumbani, anaitwa anko. Akishaaminiwa na mama ndio anaanza kumjaribu mtoto, leo kamtekenya, kesho kamkalisha pajani, keshokutwa utani wa matusi aone mtoto atasema nyumbani au hatasema. Mtoto asiposema, keshapata jibu lake. Inafuata vocha, simu ya mkononi ya siri, meseji saa tano usiku na "ukisoma futa". Halafu kanisani kuna kitu cha ziada ambacho huko nje hakipo, anatumia na Mungu. Maombi ya faragha. "Una roho inakusumbua nataka nikuombee peke yako." "Ukisema utaiaibisha madhabahu." Mtoto wa miaka kumi na moja atabishana vipi na hilo?

Niweke namba moja tu halafu tuendelee. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ripoti ikatoka 2011 ulikuta kwamba kwa vijana wa miaka 13 hadi 24, karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walishafanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wavulana pia, rudieni hapo. Piga hesabu ya kwaya yako ya vijana mwenyewe.

Mpiga Kinanda Duga

Mwalimu umeandika ukweli ila unatutisha. Mimi ndio huyo mpiga kinanda unayemsema mwenye kuwahi mazoezi. Nafundisha watoto wanne chumba cha vyombo nyuma ya madhabahu, mmoja mmoja, mana kinanda ni kimoja. Sasa kila anayejitolea ni mshukiwa? Watu wataacha kutumika.

Mwalimu wa Makorora

Kaka Mpiga Kinanda hapana, na nashukuru umejitokeza. Hicho chumba nakijua hata kabla sijafika kwenu, kila kanisa linacho. Hakina dirisha au dirisha limezibwa na spika, kuna mazulia yamekunjwa, na mlango una komeo la ndani. Toa komeo. Muiteni fundi akate tundu la kioo hapo mlangoni, au hamishia kinanda kanisani mbele ambapo mama wa usafi anapita pita. Wafundishe wawili wawili, mmoja anapiga mwingine anasubiri kwenye benchi. Hapo hata mtoto akija kusingizia (inatokea mara chache ila inatokea) wewe una shahidi. Mtu mwema hiyo sheria haimpunguzii kitu, anayekasirika sana ukimwambia mlango ubaki wazi ndio wa kumuangalia vizuri.

Mtumishi Pongwe

Amani iwe kwenu. Mimi ni mchungaji wa kanisa dogo huku Pongwe. Nasoma naumia lakini naomba tuwe makini, shetani anatumia mambo haya kuvunja huduma. Neno linasema msiwaguse masihi wangu. Na Paulo kwa Wakorintho alikataza ndugu kushtakiana mbele ya wasioamini. Kuna utaratibu, mzee wa kanisa aitwe, mhusika aonywe, akitubu asamehewe, familia ikae chini yaishe. Tukikimbilia polisi kila mara Injili inadharauliwa.

Bibi Sahare

Mchungaji shikamoo baba yangu, ila hapo sikuachii. Hilo la msiwaguse masihi ni Zaburi ya 105, inamuongelea Ibrahimu na Isaka na Yakobo walivyokuwa wakitangatanga ugenini, haimuongelei mwalimu wa kwaya aliyemwingilia mtoto wa darasa la tano. Na 1 Wakorintho 6 soma vizuri, ni watu wanaodhulumiana mali. Sura ya nyuma yake tu, ya 5, Paulo huyo huyo anasema mtu mzinzi waliyemfumbia macho aondolewe katikati yao. Warumi 13 nayo, ya kutii mamlaka, umeiruka. Mimi ni mtu mzima nimeona "yaishe kifamilia" nyingi. Mwee, inavyoishaga ni hivi, baba anapokea laki kadhaa na mbuzi, mtoto anahamishiwa kwa shangazi Muheza, na yule bwana Jumapili inayofuata anaongoza sifa. Aliyefukuzwa nyumbani ni mtoto.

Ustawi Mstaafu

Nimefanya kazi ustawi wa jamii miaka mingi, siyo Tanga tu. Naomba niongezee upande wa sheria mana watu wanadhani ni hiari.

Mchungaji wangu mpendwa, kesi ya kubaka mtoto ni ya Jamhuri. Familia haina mamlaka ya kuisamehe wala kanisa. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali za mitaa, haikusema isipokuwa wachungaji. Mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Binti wa chini ya hapo hata kama "alikubali" au "alimpenda mwenyewe" ni ubakaji, kifungo ni miaka 30 kwenda juu, na aliye chini ya miaka 10 ni maisha. Kumlawiti mtoto ni maisha. Na jambo ambalo viongozi wengi wa dini hawalijui, tangu yale marekebisho ya makosa ya kujamiiana ya 1998 Kanuni ya Adhabu inamtaja kabisa kiongozi wa dini anayetumia nafasi yake kubaka. Waliotunga walijua.

Sasa mlango wa kugonga. Ukiwa Tanga mjini nenda polisi uulize Dawati la Jinsia na Watoto, huko unaongea na askari aliyesomea mambo haya na sio pale kaunta mbele ya watu waliokuja kudai ng'ombe. Au afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri. Au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bure. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Ukiwa na wasiwasi tu bila uhakika bado unaweza kutoa taarifa, kazi ya kuchunguza sio yako.

Na kama ni tukio la juzi au jana, hospitali KWANZA. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa ndani ya masaa 72, na kadiri unavyochelewa ndani ya hayo masaa ndivyo zinavyopungua nguvu. Za kuzuia mimba ni ndani ya masaa 120. Msimuogeshe mtoto, najua kitu cha kwanza mama anafanya ni kuchemsha maji, msimuogeshe. Nguo alizovaa weka kwenye mfuko wa khaki, sio rambo, kwenye nailoni zinavunda na ushahidi unaharibika. Fomu ya polisi ya PF3 inahitajika kwa kesi lakini isiwe sababu ya mtoto kukaa nje ya chumba cha daktari. Hospitali kubwa uliza kama wana kituo cha mkono kwa mkono, hapo daktari, polisi na ustawi wanakutana sehemu moja mtoto harudii hadithi mara tano.

Mama Wawili

Jamani mimi naogopa kuuliza. Binti yangu ana miaka 12, alikuwa anapenda kwaya kufa, sasa miezi hii hataki. Ukifika Jumamosi tumbo linauma. Anakojoa kitandani na alishaacha tangu darasa la kwanza. Nikimuuliza anasema hakuna kitu. Inaweza kuwa hilo mnaloongelea?

Ustawi Mstaafu

Dada yangu pole sana. Inaweza, na inaweza isiwe. Hakuna dalili moja inayothibitisha, mtoto anakojoa kitandani hata kwa wazazi kugombana au kuonewa shuleni, na wapo waliofanyiwa vibaya mno ambao hawakuonyesha chochote wakaendelea kushika namba moja darasani. Kinachonifanya nikuambie usikae ni kwamba vimekuja pamoja na vinafuata siku ya Jumamosi. Angalia kuna mtu fulani akitajwa ananyamaza? Ana kitu kipya ambacho hukumnunulia? Anaumwa sehemu za siri, UTI ya kila mara? Anajua mambo ya wakubwa ambayo umri wake hauyabebi?

Usimhoji kama polisi. Usimtajie jina la mtu, ukimwambia "ni anko fulani eti?" baadae wakili atasema mama ndio alimpandikiza. Kaa nae mnachambua mchicha au mnasukana, mkono uko kazini macho hayaangaliani, mwambie "nimeona siku hizi Jumamosi hupendi, nieleze ikoje". Halafu nyamaza. Nyamaza kweli. Akianza kusema usipige kelele usilie kwanza, mwambie nakuamini, sio kosa lako. Asikutie kwenye ahadi ya "mama usimwambie mtu", mwambie nitawaambia wale tu wa kutusaidia. Akimaliza andika maneno yake yeye kama alivyosema, hata kama kasema "dudu", andika dudu, na tarehe. Usiende kwa huyo mtu kumfokea, utamkimbiza na ataenda kufuta meseji zote.

Na wakati huo huo asiende kwaya. Hakuna atakayekufa.

Mama Wawili

Asante baba. Nimekuja inboksi.

Kaka wa Chumbageni

Hivi mbona haya mambo yalikuwa ya Wakatoliki huko Ulaya, mapadri wasiooa, mbona mnatuletea walokole na Walutheri?

Mwalimu wa Makorora

Kaka ndio tunavyojidanganya. Kweli Wakatoliki walianikwa, Boston huko Marekani mwaka 2002 magazeti yalionyesha mapadri walivyohamishwa parokia moja kwenda nyingine huku maaskofu wanajua, na ilichukua mpaka 2019 Papa Francis kuweka sheria ya Kanisa zima kwamba mapadri na watawa LAZIMA watoe taarifa kwa wakubwa wao. Lakini mwaka huo huo 2019 gazeti la Houston Chronicle na mwenzake wa San Antonio huko Marekani waliwahesabu viongozi na watumishi wa kujitolea wapatao 380 wa makanisa ya Kibaptisti ya Kusini, waliotuhumiwa ndani ya miaka 20, waathirika zaidi ya 700. Hawa wanaoa. Na kati yao walikuwemo walezi wa vijana, yani sisi. Na kilichowasaidia kujificha ni kwamba kila kanisa linajitegemea, akifukuzwa huku kimya kimya anahamia kule na kinanda chake, hakuna anayempigia mwenzake simu.

Sasa niambie ukweli, hapa Tanga kuna makanisa mangapi ya mabati yanayojitegemea kuanzia Mikanjuni mpaka Maweni? Kijana anakuja na begi, anaimba vizuri, wiki ya pili keshapewa watoto. Hatujui alikotoka. Barua ya utambulisho tunaidai kwa mtu anayetaka kufunga ndoa, wa kukaa na watoto hatumdai. Kwetu tumepitisha miezi sita mtu anakaa benchi kama muumini wa kawaida kabla hajagusa watoto, na mchungaji anapiga simu kanisa alilotoka anauliza waziwazi, "mtoto wako wewe ungemwachia?" Sikilizeni mtu atakavyovuta pumzi kabla ya kujibu.

Ustadhi Mabawa

Asalaam aleikum, nimepita. Mimi si wa huko ila niwape moyo, haya yapo na kwenye madrasa zetu tusifichane, na sisi tuna maneno yetu yale yale, "ustadhi mkubwa usimvunjie heshima", "aibu ya msikiti". Chuo chetu tulihamishia darasa barazani. Joto lenyewe hili la Tanga nani anataka kukaa ndani. Kila anayepita njia anaona watoto na anamuona mwalimu. Imeisha hiyo.

Mtumishi Pongwe

Nimesoma zaidi ya mara moja. Bibi umenipiga kwa upole, nimekuelewa, na Ustawi pia. Niulize la utendaji basi. Mnasema mlezi asikae na watoto bila shahidi. Mimi nina mwalimu mmoja wa sandeskuli, watoto arobaini. Na tuna mkesha kila Ijumaa ya mwisho, watoto wanalala kwenye mikeka nyuma. Nifanyeje?

Bibi Sahare

Baba, watoto mkesha wanafanya nini? Walale kwao. Hilo la kwanza na halina gharama.

Mwalimu wa Makorora

Mchungaji asante kwa kurudi. Kama mwalimu ni mmoja usigawe madarasa, wote chini ya mwembe hapo nje au mwisho wa kanisa wakati wa ibada ile ile, na kila Jumapili mzazi mmoja kwa zamu anakaa nao, hahitaji kujua kufundisha, anahitaji macho. Chooni mtoto haendi na mtu mzima mmoja, wanaenda watoto watatu na yule mzazi anasimama mbali kidogo wanapoonekana wote. Mtoto hapandi pikipiki ya mlezi peke yake baada ya mazoezi, mazoezi yaishe mapema kiza kisiwakute. Meseji zote za vijana zinapita kwenye grupu la WhatsApp ambalo na wazazi wamo, mlezi hamuandikii mtoto pembeni, akitumiwa na mtoto pembeni anajibu kwenye grupu.

Kambi ndio pagumu zaidi na ndio hasa nilianzishia uzi. Wavulana na wasichana majengo tofauti au angalau mabweni yenye milango tofauti, walezi wa kike kwa wasichana, wa kiume kwa wavulana, na mlezi ASILALE kitanda kimoja wala mkeka mmoja na mtoto hata kama magodoro yamepungua. Kuoga, walezi hawaogi muda mmoja na watoto. Na msisahau vijana wakubwa, yule wa miaka 17 mnayempa wadogo wa miaka 8 awalaze, huyo nae anatakiwa kuangaliwa, visa vingine ni vya hao. Hakuna maombi ya mtu na mtoto nyuma ya jengo, kama mtoto anahitaji kuombewa aombewe pale ukumbini, Mungu anasikia hata watu wakiwepo. Mzazi anasaini fomu, anapewa namba za walezi wawili sio mmoja, na mtoto anaruhusiwa kupiga nyumbani wakati wowote bila kumueleza mtu sababu. Hili la mwisho walezi wenzangu wanalichukia ati linaharibu nidhamu ya kambi. Libaki.

Katekista Mstarabu

Swali upande wetu Wakatoliki. Mtoto akiungama kwa padre si siri ya kitubio?

Ustawi Mstaafu

Alichosikia padre kwenye kitubio hawezi kukitoa, hilo mnalijua kuliko mimi. Lakini anaweza kumwambia mtoto huyo pale pale kwamba tukitoka hapa njoo uniambie tena nje, au mwambie mama. Na wewe katekista huna kitubio. Mtoto akikuambia wewe kwenye mafundisho ya kipaimara, hiyo ni taarifa kama taarifa nyingine, unaipeleka.

Kaka wa Chumbageni

Haya mmeenda polisi, mtuhumiwa yuko nje kwa dhamana na bado anakuja kanisani. Halafu mtoto anasimamaje mahakamani, nani atamuamini?

Ustawi Mstaafu

Kanisani anasimama pembeni na huduma zote mpaka kesi iishe, sio hukumu, ni tahadhari, kama dereva anavyopokonywa gari baada ya ajali. Akitaka kusali mzee wa kanisa anakaa nae na haingii eneo la watoto. Msimuweke mtoto kwenye hali ya kukutana nae mlangoni. Jina la mtuhumiwa msilirushe mitandaoni, la mtoto ndio kabisa, Tanga hii ukisema "binti wa kwaya fulani anaeishi karibu na soko" umeshamtaja.

Mahakamani ushahidi wa mtoto peke yake unaweza kutosha kumtia mtu hatiani kwenye makosa ya kingono, hakimu akiridhika anasema kweli. Kinachoangushaga kesi ni vitu vidogo. Umri haukuthibitishwa! Mzazi hakusema mahakamani mtoto kazaliwa lini, cheti cha kuzaliwa hakipo, kadi ya kliniki imeliwa na panya. Tafuteni hivyo vyeti sasa hivi. Kingine, mashahidi hawatokei, mama amehongwa au kachoka nauli za kila tarehe. Hapa ndio kanisa lingefanya kazi yake, mchangieni nauli mnavyochangia harusi, mama mmoja aende nae kila tarehe akae nae kwenye korido. Na mtoto apate ushauri nasaha, asiishie kuombewa tu.

Mpiga Kinanda Duga

Komeo nimetoa leo. Mzee wa kanisa kauliza kuna nini nikamtumia huu uzi. Bado hajajibu lakini naona tiki mbili za bluu.

Mtumishi Pongwe

Mkesha wa watoto nimefuta, kina mama wamenuna kidogo ila wameelewa. Kambi tunasogeza mbele mana mlezi wa kike wa pili sina bado. Swali la mwisho, nataka kubandika ile 116 mlangoni na chooni kwa watoto. Wengi kwao kuna kitochi tu, hakina intaneti, inakubali?

Ustawi Mstaafu

Inakubali mchungaji. Ni kupiga tu kama simu ya kawaida, hata salio hahitaji. Andika kwa maandishi makubwa na uiweke chini, usawa wa macho ya mtoto wa darasa la pili.